Tusome Daftari la Jirani Kabla ya Kupakia Mzigo

Hotuba kwa wafanyabiashara wa mpakani na vijana wa vyuo, Arua, Uganda

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, akina mama wa sokoni, vijana, hamjambo?

Nashukuru kwamba mmenitaka nizungumze Kiswahili. Hapa Arua ndiyo lugha niliyoisikia dukani nikiwa mtoto, Mlugbara akiuziana na Mnubi, na Mkongomani aliyetoka Ariwara akipatana bei na wote wawili. Nimetumikia balozi zetu nje ya nchi kwa miaka mingi, dawati la biashara, mpaka nikastaafu. Watu wakisikia neno balozi wanaona gari lenye bendera na karamu ya sikukuu ya uhuru. Mimi nimekuja kuwaeleza kazi ya ubalozini ambayo haipigwi picha: kukaa na kitabu cha bajeti cha serikali ya wenyewe, kukisoma mstari kwa mstari, kisha kuandika nyumbani kwamba serikali hii ina fedha au haina, na kwamba kanuni yake fulani imebadilika tangu jana.

Naanza na karatasi moja.

Asubuhi moja, miaka mingi iliyopita, mama mmoja wa huku kwetu West Nile aliingia ubalozini nilipokuwa nafanya kazi, katika mji mkuu wa nchi jirani. Alitoa mkobani mfuko wa nailoni, ndani yake hati ya kupokelea mzigo iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikaanza kutoboka. Ilikuwa na muhuri wa wizara ya nchi ile, wa buluu, mviringo, umekolea vizuri. Saini ipo. Tarehe ipo. Mtama, magunia 600. Hakuna kilichokosekana kwenye karatasi ile isipokuwa malipo. Akaniambia, "Mwanangu, kila nikija wananiambia nisubiri mwezi ujao. Huu ni mwezi wa kumi na nne."

Nilishika ile hati na nikaona aibu, kwa sababu nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mezani kwangu kulikuwa na taarifa ya matumizi ya serikali ile. Wizara iliyompigia muhuri ilikuwa imeidhinishiwa fedha nyingi, lakini katika nusu ya kwanza ya mwaka Hazina yao iliitolea chini ya robo, na karibu zote zilikwenda kwenye mishahara. Fungu la kununua chakula lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeyaandika hayo yote, kurasa mbili na nusu, nikayapeleka nyumbani. Ripoti ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye faili. Nilipolinganisha tarehe niliona kwamba mama yule alipakia malori yake wiki tano baada ya ripoti yangu kufika. Tulikuwa na habari ambayo ingemwokoa, na hatukuwa na njia ya kumfikishia.

Hilo ndilo nililobeba mpaka leo.

Sasa, kuna wanaouliza: je, balozi ana haki gani ya kuchungulia hesabu za serikali iliyompokea? Anayo, na imeandikwa. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mahusiano ya kibalozi, kifungu cha 3, unasema kwamba kazi mojawapo ya ubalozi ni kujua, kwa njia zote halali, hali na mambo yanayotokea katika nchi mwenyeji na kuyaripoti kwa serikali iliyoutuma. Kifungu cha 41 cha mkataba huohuo kinamkataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi ile. Vijana, shikeni neno halali. Afisa anayenunua waraka wa siri kwa karani mwenye njaa amevunja sheria na amemharibia karani maisha yake. Na mara nyingi hakuhitaji kufanya hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya habari za fedha za serikali imelala wazi: hotuba ya bajeti, taarifa za benki kuu, ripoti ya mkaguzi wa hesabu, gazeti rasmi la serikali. Kinachokosekana ni mtu mwenye subira ya kusoma.

Kazi hii ni ya kale. Venice ilipokuwa dola ya wafanyabiashara, balozi aliyerudi nyumbani alisimama mbele ya Seneti na kusoma ripoti ndefu juu ya nchi aliyotoka: mfalme ana tabia gani, jeshi lake likoje, na mapato yake yanatoka wapi. Lakini hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Pwani yetu wenyewe ilisomwa hivyohivyo.

Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani, na bidhaa zao zilizoshushwa Zanzibar zikatozwa ushuru wa asilimia 5. Konseli, yaani balozi mdogo, wa Marekani, Richard Waters, alifika 1837. Mwingereza, Hamerton, alifika 1841. Wote hao walikuta jambo ambalo kila afisa wa fedha leo angelizungushia kalamu nyekundu: Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Alikuwa amekodisha forodha nzima kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Sewji. Jairam alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, na kilichopatikana zaidi ya hapo kilikuwa chake. Maana yake, aliyejua biashara ya Zanzibar ina thamani gani hasa ni mwenye forodha. Sultani alijua kodi ya pango tu. Konseli aliyetaka kuandika mapato ya serikali ilimbidi aulize kwa Jairam, na Waters, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, hakuishia kuuliza. Alishirikiana naye, na Wamarekani wenzake waliokuwa wakishindana naye kibiashara walinung'unika sana.

Konseli wa Uingereza aliyekuja 1858, Rigby, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mwanajeshi wa India na mjuzi wa lugha, na mwaka 1860 aliandika ripoti kubwa juu ya milki ya Zanzibar: meli zilizoingia, karafuu, pembe za ndovu, forodha. Ripoti za namna hii zilisomwa Bombay na London, na waliozisoma walijua mlango wa fedha wa Zanzibar uko wapi na nani ameshika ufunguo. Miaka 30 baadaye, 1890, Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Sisemi ripoti ndiyo iliyoleta ukoloni. Nasema waliokuja kutawala walikuwa wamekwisha kusoma daftari, na wenyeji wengi waliosomwa hawakuwahi kuliona.

Vijana wanaopenda siasa kubwa hudhani kwamba hesabu ni kazi ya karani. Wakumbuke ule waraka mrefu wa telegramu ambao George Kennan, afisa wa ubalozi wa Marekani, aliutuma kutoka Moscow Februari 1946, maneno zaidi ya 5,000, ambao uliongoza fikra za Marekani juu ya Wasovieti kwa miaka mingi. Sehemu ya chanzo chake ilikuwa swali la watu wa Hazina ya Marekani: kwa nini Wasovieti wanasitasita kujiunga na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa? Waliuliza juu ya fedha wakajibiwa juu ya utawala mzima.

Turudi nyumbani. Sisi nasi tunasomwa. Kila mwaka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa juu ya uwazi wa fedha za serikali zipatazo 140, Uganda ikiwemo, na nyingine juu ya mazingira ya uwekezaji. Zinaandaliwa kwa msaada wa maofisa waliopo kwenye balozi zao. Wanachouliza si siri. Bajeti imechapishwa kwa wakati? Inaonyesha madeni yote, hata ya mashirika ya umma? Mkaguzi wa hesabu yuko huru, na ripoti yake inatoka? Mikataba ya madini na mafuta inatolewa kwa utaratibu ulioandikwa, na umma unajua yaliyomo? Swali hilo la mwisho linatuhusu sisi tunaoishi ng'ambo ya mto tu kutoka visima vya mafuta vya Bulisa na Nwoya. Uganda ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi wa madini na mafuta mwaka 2020, na ni haki yenu kuuliza maswali yaleyale ambayo mgeni anayauliza.

Na majibu anayoyapata mgeni, sehemu kubwa anayatoa kwenye nyaraka zetu wenyewe. Bajeti yetu ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 72.1, na sehemu kubwa yake ni kulipa mikopo na riba. Iko wazi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anapeleka ripoti yake Bungeni kila Desemba. Iko wazi. Humo mna malimbikizo ya madeni ambayo serikali yetu inadaiwa na watu walioiuzia bidhaa na huduma, yanayohesabiwa kwa trilioni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu yule mama wa magunia 600 ana dada zake hapahapa Uganda, wenye hati za muhuri wa wizara zetu.

Wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka Aprili 2024 kwa sababu ya mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, sheria yenyewe haikuwa mpya. Afisa wa ubalozi anayejua kazi yake hasomi sheria tu. Anashuka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, anauliza mwenye duka faini ni kiasi gani, nani alimfundisha kutumia mashine, na mtandao ukikatika anafanyaje. Kanuni ina maisha mawili, yale ya kwenye karatasi na yale ya kaunta, na ripoti isiyofika kaunta ni nusu ya ripoti.

Mtaniuliza, kitabu cha bajeti kinasomwaje? Nilifundishwa na mzee mmoja ubalozini, na alianza kwa kuniambia nifumbe macho nisione jumla kuu, ile trilioni ambayo magazeti yote huiandika. Angalia fungu la wizara unayotaka kufanya nayo biashara. Humo kuna namba tatu: fedha zilizoidhinishwa na bunge, fedha zilizotolewa na Hazina, na fedha zilizotumika. Ya kwanza ni ahadi. Ya pili ndiyo pesa. Pengo kati ya hizo mbili likiwa kubwa, wizara itaendelea kuagiza mali kwa sababu ina kibali cha kuagiza, na itaendelea kugonga muhuri, lakini hundi haitatoka.

Halafu toka nje. Siku ya mishahara nilikuwa napita mbele ya benki ambako walimu na askari wa nchi ile wanachukulia fedha zao. Kukiwa na foleni, Hazina inapumua. Kukiwa kimya mwezi huu na mwezi uliofuata, nilirudi ofisini nikaanza kuandika. Nilikuwa na daftari dogo la bei ya dola: safu moja bei ya benki kuu, safu ya pili bei ya mtaani, kama nilivyoambiwa na kijana aliyebadilisha fedha chini ya mwarobaini, kila Jumatatu na kila Ijumaa. Safu hizo mbili zikianza kuachana, serikali imeishiwa fedha za kigeni, hata kama waziri amesema nini kwenye redio. Wazee waliofanya biashara enzi za magendo miaka ya sabini wanalijua hili bila kufundishwa. Wakati ule bei ya serikali ya shilingi ilikuwa jambo moja na bei ya Kampala jambo lingine kabisa.

Chukueni Sudan Kusini, maana humu ukumbini wengi mnakula na kusomesha kwa biashara ya kule. Tangu uhuru wao Julai 2011, mapato ya serikali yao yametegemea mafuta karibu yote, na mafuta hayo yanapita kwenye mabomba ya nchi nyingine, Sudan, mpaka Bandari ya Sudan. Januari 2012 walifunga visima kwa ugomvi wa ada za bomba, na uzalishaji haukurudi mpaka 2013. Februari 2024 bomba kubwa lilipasuka ndani ya eneo la vita, na sehemu kubwa ya mauzo yao ya nje ikasimama kwa karibu mwaka mzima. Watumishi wa serikali wakakaa miezi bila mshahara, pauni ikaporomoka. Mfanyabiashara wa Arua anayepeleka unga na sabuni kupitia Oraba anahisi jambo hilo kwa namna gani? Mteja wake ni mwalimu, muuguzi, mke wa askari. Bomba limepasuka mbali sana na Kaya, mji wa Sudan Kusini ng'ambo ya mpaka wa Oraba, lakini sabuni imebaki rafuni Kaya.

Na wale waliopeleka nafaka kwa serikali yenyewe, katika miaka ya kuelekea uhuru wao, wengi hawakulipwa. Suala lilikuwa kubwa mpaka serikali yetu ikakubali kuwalipa kwanza, kisha idai kwa Juba, na Bunge letu limejadili fedha hizo miaka na miaka. Mlipa kodi wa Uganda amelipia mtama ulioliwa kwingine. Nafikiri hapo ndipo gharama ya ripoti isiyosomwa inapoonekana kwa shilingi kamili.

Kuhusu kanuni sitasema mengi, ila mfano wa mahindi. Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya iliandika barua kwa forodha kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Haikuwa sheria ya bunge, ilikuwa barua, na malori yakasimama Busia na Malaba. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Nimule, mpakani na Sudan Kusini, mahindi yetu yakazuiwa kwa sababu hiyohiyo. Kiwango cha 10 hakikuwa siri, ni kiwango cha Afrika Mashariki chenye sahihi yetu. Afisa wetu wa biashara anayeongea na wakaguzi wa kule kila wiki husikia mapema kwamba wameanza kupima. Akisikia, aseme. Mkulima akijua Januari atanunua turubai la kuanikia. Akijua Machi, mzigo wake uko kwenye foleni na unaoza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na naomba vijana mnaotaka kazi hii mnisikilize. Baraza letu la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Watu wengine wanaliona kama jambo la heshima kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi naliona kama zana ya kazi. Hotuba ya bajeti ya Tanzania inasomwa Dodoma kwa Kiswahili, kila Juni, saa kadhaa za hesabu na mabadiliko ya kodi. Mwaka 2021 walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zao. Afisa wa Uganda anayesubiri tafsiri ya Kiingereza amechelewa siku tatu, na katika siku tatu bei imeshapanda. Vivyo hivyo Bunia na Aru, kule Kongo: madai ya ushuru mpya pale kizuizini yanasemwa kwa Kiswahili kabla hayajaandikwa kwa Kifaransa, na mengine hayaandikwi kabisa. Rigby alikuja Zanzibar akiwa mjuzi wa lugha. Sisi tumezaliwa na lugha hii mdomoni, halafu tunampeleka kituoni mtu asiyeweza kumwamkia dereva wa lori.

Ninachoomba si kikubwa. Najua kuna ripoti ambazo lazima zibaki siri: mazungumzo ya faragha, jina la mtu aliyetuamini, maoni juu ya kiongozi wa nchi nyingine. Zifungiwe. Lakini kwamba wizara fulani imetolewa robo ya fedha zake, kwamba mishahara imechelewa miezi minne, kwamba kiwango cha sumukuvu kinaanza kupimwa, hayo yametoka kwenye nyaraka za wazi na barabarani, na hakuna taifa litakaloudhika yakifika kwenye ubao wa chama cha wafanyabiashara wa Arua. Ukurasa mmoja kwa mwezi kutoka kila ubalozi wetu wa jirani, kwa Kiswahili na kwa Kilugbara. Nimeiandikia ofisi inayohusika mara mbili nikiwa kazini, na nitaandika tena nikiwa mstaafu.

Wakati tunasubiri jibu, tuanze wenyewe. Nimeleta lile daftari langu lenye safu mbili za dola, kurasa zake nyingi bado nyeupe, na kijana wa hapa chuoni amekubali kulishika kila Jumatatu na Ijumaa. Karatasi ya yule mama sikubaki nayo, aliondoka nayo, lakini namba ya magunia nimeiandika ukurasa wa kwanza.

Basi nisaidieni tujaze mstari wa leo. Nani amevuka Kaya wiki hii? Mama, wewe pale nyuma mwenye kitenge cha kijani. Umetoka juzi? Dola ulibadilisha kwa kiasi gani, na walimu wa kule wamelipwa?